Ganda la kitunguu: namna ya kuchora picha inayotembea ndani ya telefone

Juma hii siandike juu ya kazi za ONG wala juu ya memware. Niko na habari ya mchoro. Wengi mumeisha kuona zile video fupi za kuchora, mtu mdogo anatembea, analima, ananawa mikono, na kuna ambao waliniuliza kama zinaweza kutengenezwa hapa Kindu kwa telefone tu, bila studio. Zinaweza. Kitu kinachofanya ziwezekane kinaitwa ganda la kitunguu, na watu wengi wanakuwa nacho ndani ya telefone bila kujua kazi yake.

Tuanze na jicho. Picha inayotembea haitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, kila moja tofauti kidogo na ile ya mbele, zinapita mbio mpaka jicho linaziunganisha. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi hawachori 24, wanachora 12 na kila moja inaonyeshwa mara mbili, na mtazamaji haone shida. Kwa hiyo sekunde kumi za filme ni michoro 120. Kama kila mchoro unakutwalia dakika tatu, hiyo ni masaa sita. Usiogope, nitarudi kwa hesabu hiyo.

Shida yenyewe iko katika yale maneno mawili, "tofauti kidogo". Umechora mtu ameinua mkono. Sasa unataka mchoro wa pili, mkono umeshuka nusu santimetre. Ukichora kwenye karatasi nyeupe, unakisia. Kichwa kinasogea, mguu unakuwa mfupi, shati inapanuka, hata kama hukutaka. Ukipitisha michoro mbio, mtu wako anatetemeka mwili muzima sawa mgonjwa wa malaria. Dawa ni moja: uone mchoro wa kwanza chini ya ule unaochora. Si kwa nguvu, juu ukiuona kwa nguvu hutajua ni mstari gani wa zamani na upi wa sasa. Uuone kama kivuli, umefifia.

Hapo njo jina linatoka. Zamani kulikuwa karatasi nyembamba sana za mashine ya kuandika, za kutolea kopi kwa kaboni na za kutuma barua kwa ndege. Zilikuwa nyepesi, unaona kidole chako upande wa pili, zikakumbusha watu ganda la nje la kitunguu. Wafaransa wakaziita "pelure d'oignon", Waingereza "onion skin", na programu za leo zimerithi jina lile. Mimi mtu wa agronomia nalipenda hilo jina, kwa sababu moja: bulbu ya kitunguu ni majani yaliyovimba upande wa chini na kufunikana, moja ndani ya lingine, na yale ya nje yanakauka mpaka yanapitisha mwanga. Michoro yako inakaa vilevile. Ukimenya, kila tabaka inafanana na ya chini yake, lakini si ile ile.

Njia hiyo ni ya zamani kuliko umeme wa nyumba zetu nyingi. Mwaka 1908 Mfaransa Émile Cohl alitoa Fantasmagorie, filme ya michoro kama 700. Aliweka karatasi juu ya kioo chenye taa chini, akafuata mistari ya mchoro uliotangulia huku anaibadilisha kidogo. Marekani, Winsor McCay alitumia karatasi nyembamba ya mchele na akaweka alama za msalaba pembeni ili kila karatasi ikae palepale pa ile ya kwanza. Mwaka 1912 alitoa filme juu ya mbu anayemnyonya mtu damu mpaka anavimba, na mwaka 1914 ile ya dinosoria Gertie. Kisha Raoul Barré, mtu wa Canada, akaleta wazo la kutoboa karatasi na kuzishika kwa vipini, zisisogee hata kidogo. Kioo chenye taa, karatasi inayopitisha mwanga, vipini: yote matatu yameingia ndani ya kifungo kimoja cha telefone.

Na kwetu? Msifikiri ni mambo ya mbali. Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto alizaliwa 1957 kule Lubefu, Sankuru, jirani zetu wa magharibi. Mwaka 1988 alianzisha Studio Malembe Maa, na anayejua Kilingala anajua malembe ni polepole, jina linalofaa sana kwa kazi hii. Mwaka 1991 alitoa Le Crapaud chez ses beaux-parents, hadithi ya Watetela juu ya chura anayeenda kwa wakwe zake. Mtu wa Kibombo anayesikia Kikusu atajisikia nyumbani. Mwaka 1992 akatoa filme juu ya uporaji wa Kinshasa wa septemba 1991, na mwaka 1999 Muana Mboka, juu ya mtoto wa barabarani. Kibushi alitumia pia makaratasi yaliyokatwa na sanamu zinazosogezwa mbele ya kamera, ambako unasogeza kitu chenyewe na huchori upya. Lakini hata huko, programu za leo za kupiga sanamu picha moja moja zinaonyesha kivuli cha picha iliyotangulia, ili ujue umesogeza kiasi gani. Ganda la kitunguu tena.

Sasa mazoezi. Kwa telefone ya Android, hata ndogo, FlipaClip inatosha kwa kuanza. Ile ya bure inaandika jina lake ku video, vumilieni. Mwenye ordinateri achukue Pencil2D au Krita, zote mbili ni za bure kabisa. Pencil2D ni nyepesi, inakubali mashine za zamani. Krita ni nzito kidogo lakini ni studio nzima. Ndani ya Krita utaona alama ya balbu ya taa karibu na tabaka lako. Ukiigusa, kivuli kinatokea. Michoro iliyotangulia inakuja kwa rangi nyekundu, ile inayofuata kwa kijani. Pencil2D inatumia nyekundu na bluu. Rangi hizo haziingii ndani ya filme. Ni za macho yako tu, ujue kipi kilipita na kipi kinakuja.

Tuchore kitu tunachokiona kila siku: pirogi inayovuka kutoka Alunguli kuja Kasuku. Tuiangalie kwa ubavu. Pirogi ibaki katikati ya kioo, na baadaye ukingo wa mto wenye miembe tutausogeza nyuma kwa tabaka nyingine, mtazamaji ataamini pirogi njo inayoenda. Kwa hiyo kazi ya kuchora picha kwa picha ni mpiga kasia peke yake.

Chagua picha 12 kwa sekunde. Pigo moja la kasia tutalipa sekunde moja, yaani michoro 12. Wanaoanza wote wanafanya hivi: wanachora ya 1, wanawasha ganda, wanachora ya 2 juu ya ya 1, ya 3 juu ya ya 2, mpaka mwisho. Inaonekana ni akili, lakini hesabu inakataa. Kama kila mara mkono wako unakosea kwa kuongeza kichwa asilimia 2 tu, kitu ambacho jicho haliwezi kuona, kisha hatua 12 kichwa kimekua karibu asilimia 27. Ni kama mbegu uliyochagua vibaya na kuirudia msimu kwa msimu: kosa la mwaka huu linakuwa mama wa mwaka ujao.

Kwa hiyo anza na nguzo. Chora mchoro wa 1: mpiga kasia ameinama mbele, kasia inaingia maji. Chora wa 8: amejivuta nyuma, kasia inatoka maji. Kisha chukua kopi ya mchoro wa 1 na uiweke mwisho kama wa 13. Kwa nini kopi? Juu pigo litajirudia, na programu nyingi ukifika mwisho hazikuonyeshi kivuli cha mwanzo. Ukiweka mwanzo pale mwisho wewe mwenyewe, utakuwa na mahali pa kulenga. Ukimaliza unaufuta ule wa 13 na duara inafunga vizuri.

Shauri moja la FlipaClip: usiweke kurasa tupu katikati kwanza. Weka nguzo tatu zikae bega kwa bega, kisha ingiza ukurasa mmoja katikati yao kila unapotaka kuchora. Hivyo ganda linakuonyesha nguzo mbili, ya kushoto na ya kulia, bila kuhesabu kurasa tupu.

Kati ya 1 na 8, ingiza wa 4: kasia iko wima ndani ya maji, mgongo umepinda, hapo njo nguvu iko. Kati ya 8 na 13, ingiza wa 10: kasia iko hewani, matone yanadondoka. Halafu jaza zilizobaki: 2, 3, 5, 6, 7, kisha 9, 11, 12. Kila mara unaona jirani wawili, aliyekutangulia na atakayekufuata, na unachora katikati yao. Kichwa hakiwezi tena kukua, kwa sababu kimeshikwa pande mbili.

Lakini "katikati" si nusu kwa nusu kila siku, na hapa njo watu wengi wanafanya filme zinazotembea kama mashine ya kusaga. Angalia namba zetu: kasia inatembea hatua saba ndani ya maji na tano hewani. Maji yanakataa, hewa haikatai. Ukiwasha maganda yote ya pigo moja kwa wakati mmoja, utaona vivuli vimesongamana chini, na vimeachana juu. Msongamano ni polepole, nafasi kubwa ni mbio. Hiyo ndiyo faida ya pili ya ganda la kitunguu, na mimi naiona kubwa kuliko ile ya kwanza: linakufanya uone mwendo kama ramani, vile tunavyoona nafasi kati ya mistari ya mihindi na kujua mara moja mpandaji alikuwa na kamba au alikuwa anakisia.

Jaribu pia hili. Weka doti ndogo kwenye ncha ya kasia katika kila mchoro, kwa tabaka tofauti, kisha angalia doti zote pamoja. Zikitengeneza mviringo laini, mwendo utapendeza. Doti moja ikiruka nje ya njia, hiyo picha ya 6 au ya 11 ndiyo inayokwaruza jicho, irekebishe hiyo tu. Viungo vya mtu vinazunguka kwenye bega na kiwiko, kwa hiyo mkono karibu kila mara unachora upinde. Mstari nyoofu ni wa mashine.

Kuhusu vipimo: wengi wakigundua kifungo wanawasha maganda kumi mbele na kumi nyuma, kioo kinakuwa wavu wa samaki. Moja nyuma na moja mbele inatosha kuchora. Mbili mbili kama mwendo ni wa mbio. Mengi yatumie kwa kukagua tu, vile nimesema. Na zima ganda mara kwa mara, utazame mchoro wako peke yake, juu kivuli kinaficha ubaya: mkono usio na kidole unaonekana kamili kwa sababu kidole cha kivuli kiko pale chini. Kisha pitisha filme. Kuangalia vivuli si kuangalia mwendo.

Sasa swali ambalo mtu wa droo au wa ekonomia ataniuliza: mwana agronomia anatafuta nini huku?

Chukueni mnyauko wa bakteria wa migomba, ule ulioonekana Congo mwaka 2001 upande wa Masisi. Mkulima anaambiwa mambo matatu. Avunje lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu, mara kichane cha mwisho kinapotoka. Asilikate kwa mupanga, alivunje kwa fimbo yenye panda. Na mupanga wake aupitishe ku moto kabla ya kwenda kwa mgomba mwingine. Maneno ni machache, lakini kwenye bango kuna mtu, fimbo, na mshale. Mshale unasema nini? Kusukuma? Kupiga? Kukata? Sisi walisansie tunaandika fishi ya kurasa nne kwa Kifaransa, na mama aliyeipokea anafungia karanga. Anafanya vizuri, karatasi ni nzuri.

Mwendo wenyewe ni huu: panda inapanda, inashika shina la ua, mkono unasokota, ua linakatika, linaanguka. Ni sekunde nne. Michoro 48, na kwa dakika tatu kila mmoja ni chini ya masaa mawili na nusu. Nguzo zake ni tano, mumeisha kuzisoma katika sentensi ile. Pale pa kusokota weka michoro mingi iliyosongamana, juu mkulima anatakiwa aone mkono unavyogeuka. Pale pa kuanguka fanya kinyume: vivuli vianze karibu karibu na viachane zaidi na zaidi mpaka chini, kwa sababu kitu kinachoanguka kinaongeza mbio. Ukigawanya sawa kwa sawa, ua litashuka kama liko ku asanseri.

Halafu kuna yale ambayo kamera haiwezi kupiga hata ukiwa na pesa. Mdudu anatoka ku ua la mgomba mgonjwa, miguu yake imechafuka, anaenda kwa mgomba mzima, na bakteria wanashuka ndani ya shina kabla jani moja halijageuka manjano. Kwa jicho la mkulima, mgomba ule bado uko mzima. Kwa kuchora unaufungua shina kama mlango, na unawaonyesha wakishuka. Njo maana ya kuchora, siyo kwa sababu ni rahisi. Mtu akiisha kuona kile kinachopita ndani, hauhitaji kumbembeleza juu ya moto na mupanga.

Wenzetu wa SAWBO, mradi ulioanzia ku Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wanafanya video za kuchora kwa wakulima na kubadilisha sauti kwa lugha nyingi. Ni kazi nzuri, naitumia. Lakini sauti inabadilika, picha inabaki ile ile, na mkulima anatazama nguo, nyumba, na jembe kabla ya kusikiliza. Mama wa Pangi atajua haraka kama yule mtu kwenye video ni wa kwake au ni mgeni. Sisi tunaweza kuchora kikapo chake cha mgongoni, vile kinavyoshikwa ku kichwa. Na ukiifanya bila maneno kabisa, filme ile ile inaenda kwa Warega wa Pangi, kwa Wabangubangu wa Kabambare na kwa Wakusu wa Kibombo bila kutafuta mtafsiri.

Mambo ya mwisho ni ya mfuko na ya umeme. Kalamu ya telefone ya bei ndogo, ile yenye ncha ya mpira, ni bora kuliko kidole, juu kidole kinafunika mstari unaochora. Punguza mwanga wa kioo, washa mode avion, betri itakaa. Anayetaka kuanza bila telefone, aweke kipande cha kioo juu ya viti viwili, tochi chini, karatasi za kawaida juu, na atoboe matundu mawili pembeni ya kila karatasi azishike kwa misumari, kisha apige picha kila moja kwa telefone ya mwenzake iliyofungwa mahali pamoja. Inafanya kazi kabisa, na watoto wanapenda kusaidia.

Ukimaliza, toa video kwa MP4 ya 720, si zaidi, ili iende kwa Bluetooth mpaka ku telefone ndogo za kijijini. Kwa WhatsApp itume kama dokima, siyo kama video, vinginevyo inakamuliwa na mistari myembamba inapotea. Walio na Pencil2D ku ordinateri waniandikie inbox: natafuta watu wawili wa kugawana ile picha ya fimbo yenye panda, mmoja achore nguzo, mwingine ajaze katikati.